Nabii Aliyerudi na Tini

Mtu aliyekosa hewa haji hospitali mwenyewe, huletwa. Huletwa akiwa amebanwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na jirani, au amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kuombwa, na waliomleta huwa wamelowa jasho hata usiku wa baridi. Kabla hatujawahi kumweka kichwa vizuri, mmoja wao ameshanishika mkono. "Sista, ataishi?"

Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura hapa Eldoret, na Jumapili nafundisha darasa la ubatizo kanisani kwetu. Swali hilo limenifuata kazini na kanisani pia. Namjua mchungaji anayeamini kwamba kulijibu ni dhambi: uhai na mauti viko mikononi mwa Mungu, na mwanadamu anayetabiri kifo cha mwenzake amekalia kiti kisicho chake. Nilifanya kazi pia na daktari kijana aliyeona kinyume kabisa. Kwake, vipimo vipo, takwimu zipo, na kunyamaza ni woga tu. Wote wawili nawaheshimu, na wote wawili naona wameliacha jambo lenyewe. Kutabiri kama mgonjwa ataishi kunaruhusiwa, tena mara nyingine ni wajibu. Kinachopaswa kuulizwa ni mtabiri anafanya nini akishatabiri.

Wagonjwa wa aina hii tunawapata wa kila namna. Mtoto wa miaka miwili amepaliwa na punje ya mahindi. Kijana amezama kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua ndefu. Mpangaji amelala na jiko la makaa ndani ya chumba kimoja cha mabati huko Langas au Munyaka. Mtu aliyechoka na maisha amekatwa kamba na dada yake. Na wodi ya wazazi, mtoto mchanga ambaye, kama wanavyosema wakunga, amezaliwa amechoka. Sababu ni tofauti, lakini jeraha ni moja: ubongo umekosa oksijeni.

Jeraha hili lina mpangilio wake, na anayeuelewa ataelewa kwa nini maswali yetu ya kwanza ni yale yale. Moyo ukisimama ghafla kwa ugonjwa wake wenyewe, damu iliyomo mwilini bado ina oksijeni ya kutosha dakika chache. Aliyekosa hewa huenda kinyume. Hewa ndiyo inayokatika kwanza. Mtu hupoteza fahamu, lakini moyo haukati tamaa upesi. Huendelea kupiga kwa dakika kadhaa, ukipungua kasi, ukilisha mwili damu ambayo haina tena cha kulisha. Unapokuja kusimama, ubongo ulikwisha kuwa na njaa tangu zamani. Ndiyo maana mimi simwulizi aliyemleta mgonjwa, "Alikaa muda gani?" peke yake. Namwuliza, "Mlipomfikia, moyo ulikuwa ukipiga? Mliona kifua kikiinuka?"

Jibu la swali hilo hubeba uzito mkubwa ajabu. Daktari wa Brazili, David Szpilman, alichapisha mwaka 1997 hesabu ya watu waliookolewa na walinzi wa fukwe za Rio de Janeiro kati ya 1972 na 1991. Waliotolewa majini pumzi imekatika lakini moyo bado unapiga, asilimia 44 walikufa. Maana yake, zaidi ya nusu waliishi. Waliotolewa moyo umeshasimama, asilimia 93 walikufa. Kati ya hali hizi mbili mara nyingi kuna dakika chache tu, pengine ni yule jirani kusita mlangoni akijiuliza kama aingie. Kwa hiyo nikisema mgonjwa huyu ana nafasi nzuri na yule hana, sibahatishi. Nasoma kitu kilichokwisha kutokea ndani ya mwili wake.

Lakini asilimia 93 ni ya nani? Hapa ndipo falsafa inapoingia chumba cha dharura bila kuitwa. Mwanahisabati wa Austria, Richard von Mises, aliandika mwaka 1928 kitabu cha kueleza maana ya uwezekano, na akashikilia kwamba uwezekano ni mali ya kundi. Unaweza kusema sehemu gani ya kundi kubwa la watu wa umri fulani itakufa mwaka huu. Ukimchukua mmoja wao kwa jina lake, ile namba haisemi lolote juu yake. Wengine wamempinga, na sina elimu ya kuwaamua. Nasema tu kwamba kitandani hoja yake naiona kwa macho. Mama aliyekaa kwenye benchi pale nje hana watoto mia ambao 93 kati yao watakufa. Ana mmoja. Huyo mmoja hatakufa kwa asilimia 93. Atakufa mzima mzima au ataishi mzima mzima, ingawa kuishi nako kuna namna nyingi, na hilo nitalirudia.

Niwaonyeshe jinsi tunavyotazama, kwa sababu watu hudhani kuna mashine kubwa inayotoa jibu. Mara nyingi ni tochi na pamba. Unamfungua mgonjwa kope kwa kidole gumba na kumulika jicho kutoka pembeni, si moja kwa moja, kisha unaangalia mboni kama inajikunja. Inayojikunja haraka inatia moyo. Inayojikunja polepole, kama mtu anayeamshwa usingizini, unaiandika hivyo hivyo na saa yake. Isiyojikunja, unazima tochi, unahesabu kidogo, unamulika tena, kwa kuwa jicho la kwanza kutazama linaweza kuwa jicho lako lililochoka. Halafu unasokota ncha ya pamba mpaka iwe nyembamba kama uzi na kugusa kioo cha jicho pembeni kidogo. Mtu mwenye afya akiguswa hivyo hupepesa bila kutaka. Aliyeumia sana ubongoni hupokea ule uzi wa pamba kana kwamba haupo. Nimegusa macho mengi hivyo, na bado kila mara kabla ya kugusa naona moyo wangu unangoja.

Vipimo hivyo vina masharti yake. Miongozo ya Ulaya ya kuwahudumia waliorudishiwa mapigo ya moyo inataka tusitoe hukumu ya ubongo kabla ya saa 72 kupita, na hata hapo tusitegemee dalili moja. Dawa za usingizi tulizompa zinaweza kuzima kupepesa. Baridi ya mwili inaweza. Mwaka 1999 huko Norway daktari mmoja, Anna Bågenholm, alinaswa chini ya barafu ya mto akiteleza kwenye theluji. Joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 13.7, moyo ukasimama kwa saa kadhaa, na aliishi akarudi kazini. Hadithi yake si ahadi kwa mtoto aliyezama kwenye maji yetu, ambayo hata Julai hayana barafu. Baridi ile ndiyo iliyomlinda. Naitaja kwa sababu nimesikia ikihubiriwa bila barafu.

Baridi yetu sisi huua kwa njia nyingine. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 9 au 10. Mpangaji anapika ugali kwenye jiko la makaa, anaona chumba kimepata joto zuri, anaziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, analala. Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Asubuhi majirani wanavunja mlango.

Mgonjwa kama huyo ukimbana kidole kwa kile kifaa chetu cha kupimia oksijeni, kinaweza kukuonyesha 98. Kifaa kinaona damu nyekundu na kuripoti wekundu. Hakijui kwamba wekundu ule ni wa sumu. Mtu yuko karibu kuzimika na namba inasema yuko salama. Tunampa oksijeni nzito kwa barakoa hata kama kioo kinasema hahitaji, kwa kuwa kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hiyo huchukua saa nne au tano kutoka, na kwa oksijeni kamili saa moja na kitu. Na wapo wanaoamka, wanakunywa chai, wanaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha wiki mbili tatu baadaye wanaanza kusahau majina ya watoto wao na kutembea kama walevi. Tulikuwa tumekwisha kuwaambia ndugu zao kwamba wamepona. Utabiri mzuri nao unaweza kumwacha mtu peke yake.

Sasa niseme linaloniuma.

Niliwahi kuwa kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, ambako mgonjwa aliandikiwa kwenye faili maneno mawili ya kusema hatapona, usiku wa kwanza, hata saa 24 hazijapita. Aliyeyaandika alikuwa na sababu zake na pengine alikuwa sahihi. Nilichokiona ni kilichofuata. Aliyeingia zamu ya asubuhi alisoma yale maneno kabla ya kumtazama mgonjwa. Kugeuzwa kila saa mbili kukawa kila saa sita. Makohozi yaliyokwama kooni yakasubiri. Homa ilipopanda hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Siku ya nne alikufa, na mtu akasema, unaona, tulijua. Je, tulijua au tulifanya? Hakuna daktari duniani anayeweza kunijibu, kwa sababu yule mgonjwa hakupata nafasi ya kuukanusha utabiri. Na kifo chake kikihesabiwa, kitaingia kwenye takwimu na kuufanya utabiri wa kesho uonekane wa kweli zaidi. Watafiti wa mambo haya wanaujua mtego huo vizuri na wanauandika kwenye makala zao. Lakini mtego hauko kwenye makala. Uko kwenye mikono ya mtu mmoja saa tisa usiku.

Upande wa pili uko mtego ambao sisi watu wa dini tumeujenga, na nao unaniuma vile vile. Mama anauliza, "Ataishi?" nasi tunasema, "Mungu ndiye ajuaye, mama, tuombe." Ni kweli, Mungu ndiye ajuaye. Muislamu aliyekaa benchi lile lile atakubali. Surat Luqman inafundisha kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia nchi gani. Lakini mara ngapi tunalitaja jina la Mungu ili tusiseme kile ambacho sisi wenyewe tunakijua? Nimemulika macho, nimegusa kwa pamba, nimeona siku ya tatu inapita, kisha naficha ninachokijua nyuma ya anachokijua Mungu. Huo si unyenyekevu. Mama yule anarudi nyumbani Turbo kukamua ng'ombe akidhani ana wiki mbele yake, na mwanawe anakufa yeye akiwa njiani.

Tuna sababu ya kuogopa, nakubali. Katika nchi hii ya Wanandi na majirani zao watu bado wanasimulia habari za Kimnyole arap Turukat, orkoiyot, yaani nabii wao, aliyeona ujio wa wageni weupe na nyoka wa chuma atoaye moshi. Mwaka 1890 aliuawa na watu wake mwenyewe, waliombebesha lawama ya maafa yaliyowapata. Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na mwanawe, Koitalel arap Samoei, akapigwa risasi na Waingereza mwaka 1905. Anayesema baya kabla halijaja hufanywa mwenye nalo. Hospitalini ni vivyo hivyo: muuguzi aliyetamka kwamba hali ni mbaya ndiye atakayeulizwa kwa nini mgonjwa amekufa zamuni mwake. Basi tunanyamaza, na kimya chetu tunakiita imani.

Niliporudi kwenye Biblia na mambo haya kichwani, nilianza kwa Hezekia. Mfalme anaugua. Nabii Isaya anaingia na kumwambia atengeneze mambo ya nyumba yake maana hatapona. Huo ni utabiri wa kifo, umetolewa kitandani, umetolewa na mtu anayeaminika kuliko daktari yeyote, na umetolewa wazi bila kuzungushwa. Mfalme anageukia ukuta na kulia. Isaya hajatoka hata ua wa kati anarudishwa: mwambie ameongezewa miaka 15. Wahubiri wengi huishia hapo, kwenye miaka 15. Mimi nasimama kwenye mstari unaofuata, ambao hausomwi sana. Isaya anaagiza tini zilizopondwa, zinawekwa juu ya jipu, na mfalme anapona. Alikuwa ameahidiwa kwamba siku ya tatu atapanda kwenda hekaluni. Siku hiyo ya tatu siifanyi ushahidi wa saa 72 za wazungu. Zile tini ndizo ninazozishikilia. Nabii yule yule aliyesema utakufa ndiye aliyerudi na dawa mkononi. Hakuona aibu kwamba neno lake la asubuhi limebadilika. Hakulitetea. Alirudi kazini.

Huyo ndiye nimfuataye. Mpiga ramli anapotabiri amemaliza; anapokea malipo, anafunga mfuko wake, na likitokea alilolisema sifa ni zake. Nabii anapotabiri kazi yake imeanza. Yona naye alitangaza siku 40 kwa Ninawi, mji ukatubu ukasalimika, na akakasirika kwa sababu mji haukuangamia kama alivyotangaza. Naogopa hasira ya Yona kwa wataalamu wetu kuliko ninavyoogopa ujinga wao. Mtu anaweza kuupenda usahihi wa neno lake mpaka kupona kwa mgonjwa kukamwudhi.

Iko pia habari ya mwanamke Mshunami. Mtoto wake amekufa, na Elisha anamtanguliza mtumishi wake Gehazi na fimbo aiweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi anaiweka, anasikiliza, hakuna sauti, anarudi njiani kutoa ripoti kwamba mtoto hakuamka. Alijaribu mara moja, akaandika faili. Elisha anaingia, anafunga mlango, anajilaza juu ya mtoto kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono, mpaka mwili unapata joto. Halafu anasimama na kutembea humo nyumbani huku na huko, kisha anarudi na kujilaza tena. Kule kutembea huku na huko nakujua. Aliyewahi kumpumulia mtu kwa ambu, ule mfuko wa kubana kwa mkono, pumzi moja kila baada ya sekunde sita, mpaka kiganja kikafa ganzi, akampokeza mwenzake na kuzunguka kitanda akijinyoosha vidole, akarudi tena, anakujua. Mwandishi wa kitabu cha Wafalme lazima aliwahi kumwona mtu akifanya kazi ile.

Nisieleweke vibaya juu ya vipimo vya namba. Kimoja ninachokipenda ni cha Virginia Apgar, daktari wa nusukaputi wa New York, aliyekichapisha mwaka 1953: mapigo ya moyo, pumzi, misuli, mwitiko na rangi, kila kimoja sifuri hadi mbili. Siku hizo mtoto aliyezaliwa amechoka aliweza kuwekwa kando watu wakamshughulikia mama. Apgar alitaka mtu mmoja amtazame mtoto dakika moja baada ya kuzaliwa, kwa macho yake, na aandike alichokiona. Kumtazama ndiko kulikoanza kuwaokoa. Vyama vya madaktari wa Marekani vimeonya mara nyingi kwamba alama ya Apgar isitumiwe kutabiri akili ya mtoto mmoja itakuwaje akikua, na bado nawasikia akina mama hapa wakiambiwa, "Alipata mbili, atakuwa na shida." Alama iliyotungwa kumwita mtu karibu imegeuzwa kuwa hukumu.

Kuna lingine tunalolisahau tunapoazima namba za wenzetu. Kila namba hubeba ndani yake nyumba ilikotoka. Ile ya Rio ina walinzi wa pwani wanaofika kabla jirani hajamaliza kupiga kelele. Nchi tajiri ziligundua kwamba kumpoza mtoto mchanga aliyekosa hewa humlinda ubongo, na ikaonekana ni jambo la kusambazwa kila mahali. Jaribio kubwa la HELIX, lililofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2021, lilikuta kwamba huko kupoza hakukupunguza vifo wala ulemavu, na vifo viliongezeka. Mtoto wa Dhaka si mtoto wa London, wala wa Eldoret si wa Rio. Namba ya mgeni tuipokee kwa heshima na kuikagua.

Na siwezi kusema haya kana kwamba tunatabiri kwa kupenda. Corona ilipoingia mwaka 2020, Kenya ya watu wapatao milioni 47 ilikuwa na vitanda vya ICU mia tano na kitu na mashine za kupumulia mia mbili hamsini na kitu. Vimeongezeka tangu wakati huo, lakini usiku wa leo mahali fulani kuna kitanda kimoja na wagonjwa wawili, na mtu lazima aseme yupi ana nafasi zaidi. Hapo utabiri ni mgawanyo. Mimi siamini kwamba ni dhambi kuchagua kwa kipimo. Kuchagua kwa jina la ukoo au kwa aliye na mjomba serikalini ndiko dhambi. Lakini asiyechaguliwa asisahauliwe. Bado ana koo la kusafishwa, bado ana mwili wa kugeuzwa. Kunyimwa mashine kusimfanye awe amekwisha kufa.

Wapo tuliowahukumu kwa namna nyingine kabla hata ya kupima. Mtu aliyejaribu kujitoa uhai, kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, alikuwa mgonjwa na mshtakiwa kwa pamoja. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilimwita mhalifu, na niliona askari akikaa kando ya kitanda cha mtu asiyejua hata mchana na usiku. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba tarehe 9 Januari 2025. Nililia niliposikia. Maana wagonjwa hawa wakifikishwa mapema, moyo ukipiga, wengi huamka, na anayeamka anahitaji kwanza uso usiomlaani. Kuna utabiri wanaofanyiwa hata na watu wema: "Huyu hata akipona atarudia." Nimewaona wakiishi, wakioa, wakileta watoto kwenye chanjo.

Sasa lile nililosema nitalirudia: kuishi kuna namna nyingi. Wapo wanaorudi na mapigo na pumzi, lakini macho hayamfuati mama aliyewazaa. Swali la "ataishi?" huwa limebeba ndani yake swali jingine ambalo ndugu hawathubutu kulitamka, na mimi hulisema kwa niaba yao taratibu: anaweza kuishi, mzee, lakini asikujue. Wazee huniangalia muda mrefu nikisema hivyo. Mzee mmoja kutoka njia ya Kapsabet aliniuliza kama wakati huo ni dhambi kuacha kupigana.

Nilimsimulia Daudi. Nabii Nathani alimwambia mtoto wake atakufa. Daudi hakusema, basi, limekwisha kuamuliwa. Alilala chini, akafunga, akaomba siku saba, na watumishi hawakuweza kumwinua. Mtoto alipokufa waliogopa kumwambia, naye akainuka, akaoga, akabadili nguo, akaenda kuabudu, akarudi akaomba chakula. Wakashangaa. Akawaeleza kwamba mtoto alipokuwa hai aliomba kwa sababu nani ajuaye, na sasa hawezi kumrudisha. Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo alijua saa ya kuinuka." Nikamwambia ndiyo, na hakuinuka mapema. Siku saba alizimaliza.

Wachungaji, ndugu zangu katika imani, wanaokuja wodini na kuwaonya ndugu wasikubali neno la kifo, wasilipe nafasi, nawaomba walitafakari hilo. Daudi alilikubali neno na akaomba. Nimeona familia iliyokatazwa kusikia, ikakataa kuwaita watoto wengine kutoka Kitale kwa kuwa kuwaita kungekuwa kukiri. Hawakumkuta. Kuwaita ndugu hakumwui mtu.

Kwa hiyo siku hizi namjibu anayeniuliza. Namwambia tulichokiona na saa tuliyokiona, na kwamba kesho asubuhi saa mbili tutaangalia tena na nitamwambia hata kama ni kinyume cha nilichosema leo. Kama ni kibaya nasema ni kibaya. Namwambia awapigie simu walio mbali waje leo, wasingoje Jumamosi, na kwamba nauli ya usiku kutoka Nairobi itapatikana kwa mchango. Akitaka kuomba namwambia aombe kwa sauti karibu na sikio la mgonjwa, asubiri tu nimalize kusafisha koo. Halafu namwonyesha jinsi ya kumshika kiwiko na nyonga tumgeuze upande wa kushoto, kwa sababu saa mbili zimepita na mgongo wake umeanza kupata wekundu pale juu ya mfupa.